Mashindano yako ya kwanza ya kimataifa ya chesi: jibu kwa mchezaji wa mtandaoni

Swali, kwa ufupi: "Nina miaka 29. Nacheza chesi mtandaoni, na kwenye tovuti ya Lichess nimefika reitingi ya 1900 (namba inayopima nguvu ya mchezaji) katika michezo ya dakika kumi. Sina klabu wala reitingi ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, na sijawahi kucheza mchezo mrefu kwenye ubao halisi. Nataka kusafiri nikashiriki mashindano ya wazi ya raundi tisa. Je, nitaruhusiwa? Nikiruhusiwa, nitaaibika? Na kabla ya kwenda nijifunze nini, ufunguzi mpya (mpango wa hatua za mwanzo) au kitu kingine?"

Jibu:

Utaruhusiwa, na katika yote uliyouliza hilo ndilo jepesi kuliko mengine. Mashindano ya wazi hupokea wenye mataji ya chesi, kama grandmasta lililo la juu kabisa, na wasio nayo, wenye reitingi na wasio nayo, mradi fomu ijazwe na ada ilipwe kabla ya tarehe ya mwisho. Tena ukichunguza hesabu zake utaona watu wa aina yako ndio wanaoyabeba. Grandmasta husamehewa ada, wengine hupewa hadi chumba cha kulala, na pengo hilo huzibwa na wale walio chini ya orodha. Kwa hiyo usiwaandikie waandalizi barua ndefu ya kujieleza kana kwamba unaomba fadhila. Milango isiyokuhusu ni ile ya Olimpiadi ya Chesi na ya ubingwa wa mabara au wa vijana wa dunia, ambako majina hupelekwa na shirikisho la nchi.

Shirikisho hilo hilo utalihitaji kwa jambo moja dogo: nambari ya FIDE. Hutolewa kupitia shirikisho la nchi yako, hata kwa mtu ambaye hajacheza mchezo wowote unaohesabiwa, na mwamuzi huitumia kupeleka matokeo yako. Iombe mapema, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wapo wachezaji waliojikuta na nambari mbili kwa sababu ya jina lililoandikwa namna mbili, na michezo yao ikagawanyika.

Sasa hiyo 1900. Usijaribu kuibadilisha kuwa reitingi ya FIDE kwa kanuni yoyote utakayoikuta kwenye intaneti. Ni vipimo viwili vya watu tofauti wanaocheza kwa muda tofauti. Kasi inayotumika sana katika mashindano ya wazi ni dakika 90 pamoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, na baadhi huongeza nusu saa baada ya hatua ya 40. Mchezo wa hatua 60 kwa kasi hiyo ya kwanza humpa kila mmoja jumla ya saa mbili, yaani unaweza kukaa mezani saa nne. Aliyezoea dakika kumi huwa na tatizo ambalo halitarajii: hatumii muda wake. Nimeisimamia michezo ya aina hiyo nikiwa mwamuzi, na sura yake ni ile ile. Mgeni ana dakika 85 mkononi, mpinzani amebakiwa na 20, na mgeni ndiye anayepoteza, kwa kosa ambalo angeliona kama angelitazama ubao dakika tatu zaidi.

Reitingi yenyewe utaipata baada ya kucheza michezo isiyopungua mitano dhidi ya watu wenye reitingi, na si lazima iwe katika mashindano mamoja. Inaweza kukusanywa ndani ya miezi 26. Tangu tarehe 1 Machi 2024 reitingi ya chini kabisa inayochapishwa ni 1400. Badiliko jingine la tarehe hiyo linamfaa mgeni: katika kupiga hesabu ya kwanza, FIDE huongeza sare mbili za kufikirika dhidi ya wapinzani wenye 1800, ili mwanzo mbaya usimzamishe mtu moja kwa moja. Ukishaipata, hadi utimize michezo 30 unapimwa kwa kizio cha 40, yaani namba inayoamua mchezo mmoja unaweza kukupandisha au kukushusha kiasi gani, kisha kizio hushuka hadi 20. Maana yake ni kwamba ukimshinda mtu aliyekuzidi pointi 200 katika kipindi hicho unapanda pointi 30 hivi kwa mchezo mmoja. Kushuka nako ni kwa kasi hiyo hiyo, kwa hiyo usiikazie macho namba hiyo mwaka wa kwanza.

Kuhusu kuaibika, inategemea utakaa wapi kwenye orodha, na hapo lazima uelewe jinsi wapinzani wanavyopangwa. Mashindano ya wazi hutumia mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa, kila raundi unakutana na mwenye pointi sawa na zako au karibu nazo, na hukutani na mtu mmoja mara mbili. Raundi ya kwanza wote wana sifuri, kwa hiyo orodha hupangwa kwa reitingi, hukatwa katikati, na nusu ya juu hukutanishwa na nusu ya chini kwa mpangilio. Chukua watu 120. Nambari 1 anakutana na nambari 61, wa 2 na wa 62, na kuendelea hadi wa 60 anayecheza na wa 120. Angalia hapo katikati: mtu wa 60 anaanza na aliye dhaifu kuliko wote, na jirani yake wa 61 anaanza na grandmasta mkubwa wa mashindano. Wengi husema wamepata bahati mbaya, kumbe ni hesabu tu.

Wewe usiye na reitingi utawekwa mkiani, tuseme wa 110. Utaanza na wa 50. Ukishindwa, unaingia kundi la wenye sifuri, ambalo nalo hukatwa katikati, na bado uko chini yake. Raundi ya pili huenda ukampata mtu wa 80 hivi. Ni kuanzia raundi ya nne au ya tano ndipo unapoanza kuwaona watu wa kimo chako. Aliye katikati ya orodha yeye hupanda na kushuka kama bembea: akishinda anapewa mkubwa, akishindwa anapewa mdogo, na mara nyingi mambo hutulia raundi za mwisho.

Ushauri wangu basi, chagua mashindano yaliyogawanywa makundi kwa reitingi na uingie kundi la kati au la chini. Czech Open ya Pardubice, nchini Cheki, kwa mfano, imejulikana kwa miaka mingi kwa makundi ya namna hiyo. Reykjavik Open ya Iceland, iliyoanza mwaka 1964, ina raha ya aina nyingine, maana kwa kawaida wote huchanganywa pamoja na mgeni anaweza kujikuta mbele ya grandmasta siku ya kwanza. Ni jambo la kusimulia, lakini si mahali ambapo ningempeleka mtu ajifunze kucheza michezo mirefu. Ukitaka kuwaona wakubwa bila kupigwa nao, tazama Wijk aan Zee, Uholanzi, kila Januari: wachezaji wa kawaida hupangwa katika makundi madogo ya watu wanaolingana reitingi, na mabingwa wanacheza ukumbi huo huo. Ukimaliza mchezo wako unasogea hatua chache unawatazama. Popote utakapokwenda, soma kanuni za kundi kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya waandalizi huwazuia wasio na reitingi kuchukua zawadi za makundi ya chini.

Ufunguzi mpya uache. Ulizonazo zinatosha, maana mpinzani wako hatapata mchezo wako hata mmoja wa kuutafutia dawa, na wewe utajua jina lake usiku wa kuamkia mchezo au asubuhi ile, ratiba ikitoka. Kinachomwangusha mchezaji wa mtandaoni ni mkono wake, kwa sababu kompyuta imemzoesha vibaya. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye ubao halisi, kete uliyoigusa kwa makusudi utaicheza, kama ina pa kwenda. Ukigusa ya mpinzani, utaila, kama inalika. Ukitaka kuiweka sawa katikati ya mraba wake, fanya hivyo katika zamu yako tu, na useme kwanza. "J'adoube" ya Kifaransa, yaani "naiweka sawa", inaeleweka kila ukumbi. Kasilingi, hatua ya kusogeza mfalme na ngome kwa pamoja, huanza na mfalme, kwa mkono mmoja. Ukigusa ngome kwanza, mwamuzi atakulazimisha ucheze ngome, na mfalme atabaki katikati. Saa hubonyezwa kwa mkono ule ule uliosogeza kete. Mtandaoni programu haikuruhusu kuacha mfalme wako akishambuliwa. Hapa inawezekana, na ukishabonyeza saa hiyo ni hatua haramu. Mara ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika mbili, mara ya pili umepoteza mchezo.

Halafu askari anapofika mwisho wa ubao. Kompyuta humgeuza malkia yenyewe. Hapa ni wewe unayemtoa askari, unayemweka malkia kwenye mraba, kisha unabonyeza saa. Na kama malkia wa pili hayupo karibu? Watu hupindua ngome juu chini na kuiita malkia, desturi ya vijiweni, na waamuzi huihesabu kuwa ngome. Mwaka 2017, katika mchezo wa kasi wa kuamua ubingwa wa Kanada, Nikolay Noritsyn alifanya hivyo hasa. Malkia aliyemtafuta alikuwa mkononi mwa mpinzani wake, Bator Sambuev, pamoja na kete nyingine zilizoliwa. Ngome iliyopinduliwa ikabaki ngome, na ubingwa ukaenda kwa Sambuev. Kanuni inakupa njia rahisi: simamisha saa, inua mkono, mwombe mwamuzi malkia. Hakuna atakayekulaumu.

Kalamu nayo ni kazi. Utaandika kila hatua, yako na ya mpinzani, na kwa kasi yenye nyongeza ya sekunde 30 unaandika mpaka mwisho hata ukibakiwa na sekunde chache. Unacheza kwanza, ndipo unaandika. Kuandika kabla ya kucheza hakuruhusiwi, isipokuwa unapodai sare. Usishtuke ukiona karatasi ya mpinzani ina herufi ngeni. Mjerumani humwandika farasi kwa S, na ana haki hiyo. Karatasi ni mali ya waandalizi, kwa hiyo chukua nakala yako au ipige picha baadaye, nje ya ukumbi.

Sare hutolewa kwa mpangilio: cheza hatua yako, toa pendekezo, bonyeza saa. Kumsumbua mtu kwa pendekezo akiwa anafikiri ni utovu wa adabu, na mwamuzi anaweza kukuadhibu. Baadhi ya mashindano hukataza kukubaliana sare kabla ya hatua ya 30. Ukiona hatua unayotaka kucheza italeta hali ile ile ya ubao kwa mara ya tatu, usiicheze kwanza. Iandike, kisha mwite mwamuzi. Ukikosea, mpinzani anapata dakika mbili, basi. Kwa jambo lolote, msalimie mwamuzi kwa heshima na umweleze yeye, usibishane na mpinzani. Lugha isiwe kisingizio: mkono juu na kidole kwenye ubao vinatosha.

Simu ni suala la kutumbukia shimoni ukiwa macho. Kifaa chochote ambacho mwamuzi hakukiruhusu, kikionekana umekibeba ndani ya eneo la mashindano, unapoteza mchezo, hata kama kimezimwa na kiko mfukoni. Kanuni za mashindano husika zinaweza kuruhusu simu iliyozimwa kabisa ibaki ndani ya begi, lakini begi hilo huligusi bila ruhusa. Iache ulikofikia. Ukali huu una sababu: mwaka 2019 mjini Strasbourg grandmasta alinaswa akitumia simu chooni, akafungiwa miaka 6 na kuvuliwa taji. Saa ya mkononi iache pia. Oktoba 2023, katika mashindano ya Qatar Masters, Magnus Carlsen, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alipoteza mchezo akasema kuona saa mkononi mwa mpinzani wake kulimvuruga akili, ingawa hakumshutumu kwa udanganyifu. Mimi naona alikuwa mkali mno kwa kijana wa watu, lakini wewe huhitaji kuwa chanzo cha mjadala wa namna hiyo.

Mavazi: nadhifu, yasiyobana, na soma kanuni. Huyo huyo Carlsen, Desemba 2024 mjini New York, alitozwa faini ya dola 200 kwa kuvaa jinzi, akakataa kubadilisha siku ile, na hakupangiwa mpinzani raundi ya tisa. Bingwa anaweza kumudu mzozo kama huo. Beba sweta, kumbi nyingi zina baridi.

Kuchelewa ni hatari kuliko unavyodhani. Kila mashindano hutaja muda wa kuvumiliwa, labda dakika 15 au 30, na yakinyamaza, kanuni za FIDE zinasema muda huo ni sifuri: saa ya kuanza ikifika na hujaketi, umepoteza. Ukishaketi, zamu yako ikiwa imefika usitoke eneo la kuchezea bila ruhusa. Zamu ya mpinzani, simama, tembea, kunywa maji. Siku zenye raundi mbili ndizo zinazowamaliza watu; ukiweza kuchagua, tafuta mashindano yenye raundi moja kwa siku.

Mazoezi yangu kwako ni haya. Tafuta mtu yeyote anayejua kucheza, ubao halisi, saa na kalamu, mcheze michezo michache kwa kasi ile ya mashindano, simu zikiwa chumba kingine. Si lazima awe mkali kuliko wewe. Kama hakuna mtu, weka ubao mezani na ucheze mtandaoni michezo mirefu huku ukisogeza kete kwa mkono na kuandika kabla ya kugusa kipanya. Inachosha, na hata kukera. Nyakati nyingine zote zimalizie kwenye hesabu za ngome na askari mwishoni mwa mchezo, kwa kuwa michezo ya saa nne hufika huko, tofauti na ile ya dakika kumi ambayo mmoja wenu huishiwa muda kabla.

Safari ianze na viza kabla ya tiketi. Waandalizi huwapa waliojisajili barua ya mwaliko, wengi wao baada ya ada kulipwa, na barua hiyo husaidia ila haihakikishi kitu. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika 45, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Uliza kabla ya kulipa kama ada hurudishwa viza ikikataliwa. Na kama ndege itakufikisha siku ya pili, usikate tamaa: mashindano mengi huruhusu kuomba mapema nusu pointi bila kucheza kwa raundi unayoikosa, ila si kwa raundi za mwisho. Lazima uombe kwa maandishi. Kutoonekana tu kutakupa sifuri, na mpinzani aliyekaa akikusubiri hatakuwa na la kucheza.

Kila mchezo ukiisha, hakikisha matokeo yameandikwa sawa na wote wawili mmetia saini, kisha kesho yake tazama jedwali, ambalo mara nyingi huwekwa kwenye tovuti ya Chess-Results. Kosa la kubadilisha jina la mshindi hutokea, na ni rahisi kulirekebisha kabla ratiba ya raundi inayofuata haijatoka. Baada ya mchezo mwombe mpinzani mpitie mchezo pamoja, nje ya ukumbi wa kuchezea. Wengi hukubali, hata wenye mataji, na nusu saa hiyo na mtu aliyekushinda hakuna programu itakayokupa, kwa kuwa atakueleza alichokiogopa.

Huenda ukapoteza michezo mitatu ya kwanza mfululizo. Ukishikwa na hamu ya kufungasha mizigo, mjulishe mwamuzi kabla ratiba haijapangwa, usitoweke tu. Lakini ningekuomba ubaki. Raundi ya saba, ya nane na ya tisa ndizo utakazokaa na watu wa kimo chako, nao wengi wana reitingi, na michezo hiyo inaingia kwenye ile mitano unayoihitaji kwa uzito ule ule wa raundi ya kwanza.